Bakuli la Mpita Njia

Nimekufa, na sina kinyongo na kufa. Kufa kila mtu anakufa. Kinachoniudhi, kinachonifanya nizungukezunguke uani kwa mama kama kuku aliyefungiwa nje ya banda, ni kwamba nilipofika mahali wafu wanapopokelewa niliambiwa nafasi zimejaa. Si Mungu aliyeniambia, simsingizii. Walisema watu wenye kalamu, wala hawakunieleza mimi, walimweleza mama yangu, na alipowatolea macho bila kujibu wakarudia kwa sauti kubwa zaidi, wakidhani taabu yake ni uziwi.

"Vita hivi vina wafu wake, mama, na wameshatimia."

Wameshatimia! Utadhani ni timu ya mpira, na mimi nimechelewa kuvaa jezi.

Naitwa Nyange. Nilikuwa seremala. Siku niliyokufa ni jana, au ni zamani kabla bibi yangu hajaolewa, sijui, maana tangu hapo siku hunipita ubavuni bila hata kunisalimu. Siku hiyo nilikuwa navuka daraja na mlango. Mlango wa mninga, nilioupiga randa kwa mikono yangu mwenyewe, wa nyumba ambamo dada yangu Kidawa alikuwa aolewe. Upande mmoja wa daraja walikuwa watu wa Kilima na bunduki zao, upande wa pili watu wa Bonde na bunduki zao, na katikati mimi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba asubuhi ile wamepumzika. Walipoanza, niliushika mlango kama ngao, nikaukinga huku, nikaukinga kule, nikawa nazunguka nao mahali pamoja kama mwendawazimu anayecheza na mwanamke asiye na miguu. Risasi ikapita kwenye mlango kwanza, kisha ikapita kwangu.

Ilitoka upande gani? Kila aliyeulizia habari zangu aliuliza hilo kabla ya kuuliza jina langu. Na wewe unayenisoma usijifanye mwema, nawe umejiuliza. Sijui. Mtu anayezunguka na mlango hana kulia wala kushoto. Nilisikia ubao ukipasuka, nikasikitika, nikasema moyoni, loo, mlango wa mtoto wa watu umeharibika, nikaanguka. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo yangu ya mwisho, ya kiseremala tu. Kisha lori likaja likanikusanya pamoja na wengine, lori la nani pia sijui, na mwili wangu haukuonekana tena. Sikuoshwa. Sikuvishwa sanda. Kilichobaki darajani ni mlango na tundu lake.

*

Nieleze kwanza habari za mabakuli, maana bila hayo hamtaelewa kosa la watu wetu.

Kwetu mtu hahesabiwi kwa mdomo. Ukimwuliza mama yeyote wa mji huu ana watoto wangapi, atakujibu, "Wapo, tunashukuru." Ukimshikilia atakutajia pungufu, kisha atatema mate pembeni. Namba ya watu ikitamkwa kamili kuna kitu kitaisikia, na kitu hicho hatukijui jina, tunajua tu kwamba hupenda namba kamili. Kwa hiyo wanawake huhesabu kwa mabakuli. Kila mtu ana bakuli lake la udongo. Kabla ya kupakua, mama huyapanga mkekani yakiwa yametazama juu, na hapo hajasema neno lakini anajua nani yupo na nani hayupo. Mtu akifa, bakuli lake huoshwa na kufudikizwa, mdomo chini, mwisho wa mstari, likae hivyo mpaka arobaini. Siku ya arobaini huwekwa nje mlangoni. Mpita njia wa kwanza asiye wa mji huu hulichukua akaenda zake, hashukuru wala haulizi, na watu wa nyumba hawamtazami anakoelekea. Anakuwa ameuondoa msiba. Baada ya hapo walio hai hucheka tena, na marehemu naye hupata usingizi.

Ulipoletwa uvumi kwamba mlango umeonekana darajani bila mwenye mlango, mama yangu, Bi Siwatu, hakupiga ukelele. Aliingia jikoni, akalitoa bakuli langu, akaliosha polepole kwa jivu na kumbi la nazi, akalisuuza, akalifudikiza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilimwona mgongo ukitetemeka. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika kwamba nimekufa, maana kabla ya hapo nilikuwa na mashaka.

*

Mmoja. Neno dogo. Ukisema mmoja umeshamvua mtu kofia na viatu. Umemwondolea harufu ya mbao kwenye nguo zake. Mmoja hapendi muhogo wa kuchoma. Mmoja hana dada. Ukiwaweka wawili pamoja, hawajuani. Ukiwaweka mia, wanaanza kufaa kwa jambo fulani, mtu anaweza kuwapandisha jukwaani akalia nao au akawakana. Nilipokuwa hai nilikuwa Nyange tu, sikumfaa mtu ila mwenye kutaka kitanda au kabati. Nilipokufa wakubwa wawili waligombana kwa ajili yangu mpaka mate yakawatoka. Najiuliza, na huku niliko nina wasaa wa kujiuliza: anayekuhesabu anakukumbuka, au ndiyo namna yake ya kukusahau kwa utaratibu? Na asiyekuhesabu je? Nimewahi kudhani kwamba aliyekufa bila kuhesabiwa yuko huru kuliko wote. Uongo. Yuko uani kwa mama yake, na mama yake hamwoni.

*

Kilima na Bonde walipochoka, walikubaliana wafu wahesabiwe. Msidhani ilikuwa huruma. Kilima walitaka wawe wachache, kwa sababu siku zote walikuwa wakitangaza kwamba wanapigana kwa uangalifu. Bonde walitaka wawe wengi, kwa sababu mbali huko, nje ya nchi, walikuwapo watu waliokuwa wakipima huruma yao kwa uzito, na maiti mmoja hakusogeza mizani. Sikumsikia yeyote aliyetaka tuwe kama tulivyo.

Wakamleta mtu wa tatu, asiye wa huku wala wa kule, tukamwita Msawazishi. Alikuwa mfupi, mpole, mikono safi sana. Mtu fulani alikuwa amemweleza habari za mabakuli, naye akafurahi kupita kiasi. Hakutakuwa na haja ya kuwasumbua wafiwa kwa maswali, alisema. Wataingia nyumba hadi nyumba, yeye na mtu wa Kilima na mtu wa Bonde, watatazama tu. Bakuli linalotazama juu, mtu yu hai. Lililofudikizwa, amekufa.

"Njia safi," alisema Msawazishi.

Mpiga mbiu akapita mitaani kutangaza kwamba wageni wanakuja kutazama mabakuli. Sasa nisikilizeni. Mwanamke wa kwetu, umwambie mgeni anakuja kutazama vyombo vyake! Tangu alfajiri mji mzima ulikuwa ukisugua. Jivu likawa adimu. Mabakuli yalisuguliwa mpaka yakang'aa kama meno ya mtoto, yakasuuzwa, halafu kila mwanamke akafanya anachofanya mwenye akili yoyote kwa chombo kilichooshwa: akayafudikiza yote juu ya mkeka yakauke. Kisha wakajitanda kanga zao nzuri, wakasimama milangoni kuwapokea wageni kwa tabasamu.

Msawazishi aliingia nyumba ya kwanza, akaona mabakuli yote yamelala kifudifudi. Akaingia ya pili. Akaingia ya tatu, akavua miwani. Mtaa mzima, mji mzima, hakuna lililosimama. Nadhani alilia kweli, namtolea ushahidi. Kwa nini hakumwuliza mtu? Kwa sababu aliahidi kutowasumbua wafiwa. Kwa nini wenyeji hawakumwambia? Kwa sababu mgeni haulizwi anaandika nini, ni utovu wa adabu. Basi watu wakatazamana, hawa wakicheka, yule akilia, na kila mmoja akaona mwenzake ana adabu ya ajabu.

Mama peke yake ndiye aliyeshtuka. Naye alikuwa ameosha yote, langu, la Kidawa na lake. Aliponyanyua kichwa akaona msiba na usafi vimelala pamoja, haijulikani kipi ni kipi, akaguta. Akalidaka bakuli lake akaligeuza juu. Akanyoosha mkono kwa la Kidawa, na hodi ikapigwa.

"Karibuni," alisema mama, mkono ukiwa hewani. Hodi haikai bila kuitikiwa.

Wakaingia watatu. Wakaona bakuli moja limetazama juu, mawili yametazama chini.

"Hili linakauka tu, baba zangu," mama alisema akionyesha la Kidawa. "Nimeliosha sasa hivi. Hili ndilo la mwanangu, aliyekufa darajani."

"Yote mawili yanakauka," alisema mtu wa Kilima.

"Yote mawili ni marehemu," alisema mtu wa Bonde.

"Jamani, mimi ndiye niliyeyaosha," alisema mama.

Msawazishi akainamisha kichwa kwa heshima, akaandika, akatoka kinyumenyume.

*

Hesabu ilipowekwa wazi ilionyesha kwamba mji wetu wote umekufa, isipokuwa mwanamke mmoja mzee. Bonde wakasema hawajapata kuona hesabu takatifu kama hiyo. Kilima wakasema ni njama ya vyombo. Bunduki zikaanza kukohoa tena. Ndipo Msawazishi akawaita wote wawili katikati ya daraja wazungumze, na kwa kuwa daraja halikuwa na meza, wakaokota mlango wa dada yangu, wakauegemeza juu ya mapipa, wakatandika kitambaa kifupi kisichofika mwisho.

Nilikaa chini yake. Nani angenifukuza? Nilitazama juu kupitia tundu la risasi, nikaona kidevu, nikaona kikombe cha kahawa, nikaona kidole. Maneno yalikuwa mengi lakini yote yalikuwa neno moja: nipunguzie, niongezee. Jua lilihama kutoka upande wa Kilima likaenda upande wa Bonde. Mwisho Msawazishi akataja namba iliyo katikati, na kila upande ukaichukia sawasawa, akajua ndiyo yenyewe. Namba hiyo siitaji. Mimi bado ni mtu wa kwetu.

Ikabaki kuigawa. Nyumba moja, mfu mmoja, wasizidi. Na walio hai nao wakagawanywa: vijana wa kiume wote waliobaki hai kwenye hesabu waliingizwa katika kikosi kipya cha kulinda daraja, nusu kwa jina la Kilima, nusu kwa jina la Bonde, ili nguvu zilingane. Walipofika nyumba ya Bi Siwatu wakaona mabakuli mawili chini. Moja lisimame, moja lilale. Niliuona ukucha wa mtu kupitia tundu, ulikuwa umekatwa vizuri.

"Huyu wa kiume anatufaa akiwa hai," alisema mmoja.

"Basi alale msichana," alisema mwingine, na wa tatu akaomba sukari.

Ndivyo nilivyofufuliwa. Ndivyo dada yangu alivyouawa, juu ya mlango wake mwenyewe.

*

Kufa kwa Kidawa hakukuja kwa kishindo. Kulianza dukani. Alisimama mbele ya muuzaji akaomba mafuta ya taa, na muuzaji, mtu mwema aliyemjua tangu akitambaa, alimwangalia begani kana kwamba anasubiri mteja aingie. Kisimani wanawake walipita nafasi yake kwenye foleni, si kwa ubaya, waliona kuna pengo wakaliziba. Bakuli lake mama aliligeuza juu kila jioni, na kila asubuhi alilikuta limelala. Akalitegemeza kwa mawe. Likalala pamoja na mawe.

Langu nalo lilisimama. Mama alilifudikiza kwa mikono miwili, akalikalia, na alipoinuka tu likageuka, likamtazama na mdomo wazi kama kifaranga. Ikabidi alipakulie. Chakula changu walikula kuku.

Kisha akaja Shamte, mchumba wa Kidawa. Alivaa kanzu nyeupe na alikuwa amenyoa. Kidawa alitandika mkeka haraka, akajipaka wanja, akakaa upande.

"Shikamoo mama. Poleni sana. Nimekuja kuhani."

"Marahaba. Unamhani nani, Shamte?"

"Kidawa, mama."

"Kidawa huyo hapo, anakutazama. Huo mkeka uliokalia ameutandika yeye."

Shamte akautazama mkeka. Alikuwa kijana wa kweli, sina la kumlaumu, jasho lilimtoka. "Namwona, mama," akasema. "Namwona kidogo, kama mtu aliye nyuma ya moshi. Lakini shekhe amesema hafungishi ndoa ya aliyehesabiwa. Nimembembeleza. Anasema ndoa hiyo moja itavunja amani ya daraja."

"Shamte," Kidawa alisema, "nishike mkono."

Akaunyoosha mkono wake ukutane na wa Kidawa. Nilikuwa nimesimama pale, niliona vidole vikigusana. Akashtuka, akaurudisha, akaufuta kwenye kanzu. Hakukusudia. Hata hivyo ningekuwa na ngumi ningempiga.

Alipoondoka, Kidawa alikaa vilevile, wanja ukimchuruzika. Halafu akageuza uso wake taratibu, macho yake yakafika kwangu, yakasimama. Hayakupita. Tangu nife hakuna jicho lililosimama juu yangu.

"Kaka?" alisema.

Nifiche nini? Nilifurahi. Furaha ilinijaa mpaka kooni, nikasahau maana yake. Nilikuwa nimeishi, kama ni kuishi, peke yangu kama mbwa, na sasa mtu ananiita kaka.

"Kaka, mlango wangu uko wapi?"

Furaha ikakatika hapo hapo. Nikaelewa kwamba ananiona kwa sababu anakuja niliko. Nyuma yake mama alikuwa amesimama na upawa mkononi, akimtazama binti yake akizungumza na ukuta. Akaangalia ukutani, mahali niliposimama, akaangalia kwa nguvu zake zote, hakuona kitu. Upawa ukamdondoka.

*

Asubuhi mama alikwenda darajani, nami nikamfuata. Msawazishi alikuwa ameketi peke yake, anakunywa chai juu ya mlango wa Kidawa. Nchi ilikuwa imetulia kabisa, hata ndege walikuwa wamerudi.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Keti."

"Siketi. Binti yangu yu hai."

"Naamini, mama."

"Kama unaamini, nirudishie."

Msawazishi akaweka kikombe chini. "Nikimrudisha, idadi inapungua mmoja. Bonde watasema wameibiwa mfu wao. Kilima watasema kumbe na wengine ni wa uongo. Jioni hii hii watapigana. Watakufa watu, mama, na safari hii sitakuwa na mahali pa kuwaweka."

"Idadi isipungue, basi. Mchukue Nyange mwanangu. Yeye kweli amekufa, alikufa hapo ulipoweka miguu."

"Nyange yumo kwenye kikosi cha daraja. Nikimtoa, upande mmoja utakuwa na askari pungufu."

"Umepata kumwona huyo askari?"

Akakizungusha kikombe chake. "Kusema kweli, mama, sijamwona askari yeyote wa kikosi hicho. Nadhani ndiyo maana daraja limetulia."

Mama akacheka. Kicheko kibaya, cha mtu aliyebanwa kifua. Nilitaka kumshika bega, mkono wangu ukapita.

"Kwa hiyo unataka mmoja kutoka nyumbani kwangu."

"Sitaki mimi. Idadi ndiyo inayotaka."

"Na hiyo idadi yako ina macho? Inajua kwamba Kidawa ni msichana, hajaishi bado? Inajua mimi ni mzee?"

"Haijui lolote, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumwa. "Ndiyo maana wameikubali."

Mama akautazama mlango. Akaupitisha mkono kwenye mbao, akafika kwenye tundu, akatia kidole, akakitoa. Nilikuwa upande wa chini, nilikiona kidole kikiingia. Ningeweza kukishika.

"Kunywa chai yako, baba," alisema. "Isije ikapoa."

*

Alirudi nyumbani kwa mwendo wa kawaida. Njiani alisalimia watu. Alipofika aliosha bakuli lake kwa jivu na kumbi, kama alivyoosha langu, akalisuuza, akalikung'uta maji. Nilijua kabla hajafanya. Kidawa naye alijua, alikuwa amekaa kizingitini, mwepesi kama kanga iliyoanikwa.

"Mama, usifanye," alisema, sauti yake haikuvuka hata mkeka.

"Mama, usifanye," nilisema mimi, na yangu haikutoka kabisa.

Akalifudikiza. Palepale bakuli la Kidawa likasimama lenyewe, tena kwa haraka, kama aliyekuwa akingoja ruhusa. Mama akalipakulia wali, akamwekea mbele. "Kula." Kidawa alikula akilia, tonge likamkwama, akakohoa. Nyuma ya ukuta jirani akauliza, "Nani anakohoa huko? Kidawa?" Alikuwa amesikika.

"Ni mimi," Kidawa alisema. Akageuka. "Mama? Mama uko wapi?"

Mama alikuwa amesimama mbele yake, upawa mkononi, hatua moja tu. Alitabasamu ili mtoto asiogope, na mtoto hakuliona tabasamu hilo. Alipotoka mbio uani akimwita, mama akaufuata mlio wa miguu yake kwa masikio mpaka ukaisha. Ndipo akageuka kwangu, macho yake yakafika, yakasimama.

Alinitazama juu mpaka chini. Alikuwa na mengi ya kusema, nilikuwa na mengi zaidi.

"Nyange," alisema. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo wewe. Chakula chako nilikuwa nawapa kuku."

*

Tulikaa pamoja uani siku zote za msiba wake. Tuliona Shamte akirudi, akaomba radhi, akasamehewa kwa shida. Tuliona harusi, ndogo, ya kunong'ona, na nyumba yao ikawa na pazia mahali pa mlango. Mama aliimba nyimbo zote za harusi, pamoja na zile za matusi, na hakuna aliyesikia ila mimi. Amani ilidumu. Wazazi wa mbali huwaambia watoto wao kuhusu daraja letu, nasikia, kama mfano mzuri.

Arobaini ilipofika, Kidawa alilichukua bakuli la mama akaliweka nje, mlangoni, akaingia ndani ili asimtazame atakayelichukua. Tulingoja. Jua likapanda, likakaa, likaanza kuteremka, bakuli liko palepale. Nikatazama mtaani. Kila nyumba ilikuwa na bakuli nje, yamejipanga mpaka macho yanapokoma, na njia nzima haina mtu. Vita vilikuwa vimewamaliza hata wageni. Wapita njia hawakutosha.

"Likilala nje mpaka giza litarudi ndani na msiba wake," alisema mama. "Kidawa ana mimba. Nenda ukapite."

"Mimi? Mama, mimi nimezaliwa humu."

"Huko kwa wafu wamekukataa. Huku kwa walio hai nani anakuona? Sasa niambie mpita njia ni nani, kama si wewe."

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka mtaa, nikaja kama mtu atokaye mbali. Nilipita mbele ya nyumba yetu nikaiona kama nyumba ya watu. Inauma, sitaficha. Nikainama nikalichukua bakuli, na mikono yangu, ambayo tangu siku ya daraja haikuwa imeshika hata jani, ikalishika. Lilikuwa zito, lina uvuguvugu wa jua. Sikushukuru. Sikuuliza. Ndani ya nyumba nilimsikia Kidawa akimweleza mumewe jambo, kisha nikamsikia akicheka, mara ya kwanza.

Mama alinikuta kisimani. Alilipokea bakuli, akateka maji, akaniambia nivue shati.

"Mama hamwoshi mwanawe mkubwa," nilisema. "Kuna wanaume wa kazi hiyo."

"Wako wapi? Nionyeshe mmoja." Akanilaza juu ya jiwe la kufulia, kichwa mkononi mwake. "Mimi ndiye niliyekuosha wa kwanza. Tulia."

Kutoka darajani wakaanza kuita majina ya kikosi, kama walivyoita kila jioni, jina baada ya jina, na baada ya kila jina kimya kilichoandikwa kuwa yupo. Waliita jirani zangu. Waliita waliokuwa nami kwenye lori. Wakaniita.

"Usiitike," alisema mama, akaniziba masikio kwa viganja vyake vibichi. Nilimwona midomo tu. Alikuwa akiniomba radhi kwamba maji ni ya baridi. Kisha akaachia, akateka tena, akaanza upande wa kulia.